Mguso wa Pili

Alhamisi, saa mbili usiku, New Malden.
Ukumbi wa shule unanuka soksi na rangi mpya.
Kocha Yeom anaingia na mfuko wa mipira begani,
mvuke wa pasi bado umo nywelani mwake,
maana kutwa amenyoosha mashati ya watu
katika duka la dobi mkabala na stesheni.

Hasemi mengi. Kiingereza chake kifupi
kama changu; tunakutana katikati, kwenye wavu.
"Juu," husema. "Tena. Juu."
Nami niliyejifunza mchezo huu Tanga,
uwanja wa changarawe, wavu kamba ya katani,
namtii kama mtoto wa chuo.

Siku niliyopeleka jezi zetu kufuliwa
niliiona picha ndogo juu ya mashine ya risiti:
wasichana kumi na wawili, nywele zimekatwa
kana kwamba bakuli moja limewapitia wote.
"Wewe yupi?"
Akaelekeza mstari wa nyuma, namba saba,
yule asiyeitazama kamera.
Anautazama mpira.

Hadithi yake aliitoa kidogo kidogo,
kama mtu alipaye deni kwa sarafu.
Miaka kumi na miwili: mwalimu alimpima viganja
kwa rula, akamwandikia babake barua.
Miaka kumi na minane: timu ya kiwanda cha nyuzi,
bweni, supu ya mwani, filimbi kabla ya jogoo,
mipira mia tano ukutani ndipo upate kunywa chai.
Ukuta ule ulifanya doa la mviringo.
"Pengine lipo bado," anasema,
"pengine wamelipaka chokaa."

Mpandishaji hafungi.
Wa kwanza hupokea, wa tatu hupiga,
wa pili huguswa na mpira kama mlango
uguswavyo na mtu anayepita.
Magazeti yalimchapa mpigaji, mkono juu ya wavu,
na pembeni, nusu ya bega la mtu fulani.
"Bega langu," anasema,
na hucheka mpaka akakohoa.

Goti lilikataa akiwa na miaka ishirini na sita.
Wakampa shada la maua, saa ya mezani,
na kiti katika ofisi ya mishahara.
Saa yenyewe ilikuwa ikichelewa.
Kisha ndoa, kisha ndege, kisha mume
aliyeletwa huku na kampuni ya televisheni
na aliyerudi peke yake.
Hapo hunyamaza, huhesabu risiti.

Nikamwambia kwetu twasema
kidole kimoja hakivunji chawa.
Chawa nilimweleza kwa ishara, wateja wakitutazama.
Akavitandaza vyake kumi juu ya kaunta:
vitatu vimepinda, kimoja hakikunjiki kabisa.
"Na hivi," akauliza, "vilivunja nini?"
Nikatoa pesa ya jezi. Akaikataa.

Alhamisi iliyopita tulifungwa na Sutton, seti tatu bila.
Wenzangu walikwenda zao, hata koti hawakufunga.
Mimi akanizuia: "Kumi."
Akapandisha, nikapiga. Ya nne, wavuni.
Ya sita, nje. Ya saba ilikuwa nzuri, hakusema kitu.
Taa za ukumbi hujizima zenyewe saa nne kasorobo,
manispaa inabana matumizi,
na zilizimika mpira wa tisa ukiwa hewani.

Nikausikia ukiingia vidoleni mwake na kutoka,
sauti ndogo, kama mtu anayefunika sufuria
asiamshe waliolala.
"Ruka," akasema, kwa Kiswahili,
neno nililomfundisha kwa utani.
Nikakirukia kitu nisichokiona
na kilikuwepo, pale pale, kwa urefu wa mkono wangu.

Ulikotua sijui. Tuliutafuta kwa tochi ya simu
chini ya mabenchi, yeye akilaani goti lake
kwa lugha ya kwao, na kuniharakisha:
kesho saa moja anafungua duka,
kuna suti ya bwana harusi
na doa la mvinyo lisilotaka kutoka.